Chupa Iliyofunguliwa Chemchemini

Chai ya asubuhi ile ilinuka ngozi. Si ngozi ya mtu, la. Ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa dawa, harufu inayokukaba koo ukipita nyuma ya kiwanda cha ngozi. Fundi ndiye aliyeonja kwanza, na alitema palepale kwenye sinki.

"Dada, leo umetuchemshia kandambili?"

Fundi alikuwa mshonaji, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Dada yake alikuwa akimalizia shahada ya uzamili ya sayansi ya mazingira, na kwa kuwa alishinda na kulala na tasnifu hiyo, Fundi alimbandika jina la Msomi. Walikuwa wawili tu tangu wazazi wao wafariki: chumba na sebule, cherehani upande huu, kompyuta upande ule. Msomi alinusa sufuria, akanusa birika, akafungua bomba akanusa maji. Hakuna kitu. Alipokirudia kikombe, harufu ilikuwa ileile, na alijua ilikotoka.

Tasnifu yake ilihusu maji ya bonde lililo chini ya kiwanda cha ngozi. Alikuwa na vituo vya kuchotea sampuli toka mlimani hadi mtoni, na kituo kibaya kuliko vyote kilikuwa chemchemi ndogo nyuma ya ukuta wa kiwanda, maji yake yamegeuka samawati kama wino. Watu wa bondeni waliyaacha yatulie kidogo, wakayanywa hivyohivyo, wangefanyaje?

Sasa, wachota sampuli wana utaratibu wao. Hubeba chupa moja ya kulinganishia, yenye maji ya maabara yaliyosafishwa hadi hayana chochote. Huifungua kituoni, huiacha wazi wakati wakichota, kisha huifunga na kurudi nayo. Ikipimwa lazima iwe safi. Ikiwa chafu, kazi ya siku hiyo imeharibika. Msomi aliifungua chupa hiyo juu ya jiwe la chemchemi, hana hili wala lile. Hakujua kuwa pepo mwenye chemchemi alikuwa hajaona maji safi tangu kiwanda kijengwe, na kwamba alipoyaona pale jiweni aliingia chupani bila kubisha hodi.

Ilipopimwa, chupa ilikutwa na sumu nyingi kuliko chemchemi yenyewe. Profesa, msimamizi wake, alicheka kwa raha. Bwana yule ndiye aliyekuwa akiandaa ripoti ya kukitakasa kiwanda mbele ya serikali, na wala hakuona haya.

"Binti yangu, data chafu haitetewi. Chupa ikiharibika, kituo kizima kinatoka. Kifute, uende kwenye utetezi na roho nyeupe."

"Lakini Profesa, tungerudi tu kuchota upya..."

"Unataka kumaliza, au unataka kuzeeka hapa?"

Akaichukua chupa, akaimwaga kwenye sinki la maabara, akaisuuza. Bomba la chini likaguna. Msomi akaketi mbele ya kompyuta, akauchagua mstari wa chemchemi, akasita kidogo, kisha akaufuta. Kesho yake ndipo chai iliponuka.

Kuanzia hapo Fundi alishikwa na kiu. Alianza kwa vikombe, akahamia kwenye jagi, mwishowe akawa anaweka ndoo kando ya cherehani na kuchota kwa kopo, na bado midomo yake ilipasuka na macho yalizama. Zahanati walipima sukari, wakapima figo, wakamrudisha nyumbani na panadoli.

"Ninachokunywa hakifiki," alinong'ona, utani wote umemwisha. "Dada, kuna mtu ananinywea."

"Usiseme hivyo."

"Namsikia anavyomeza."

Msomi naye alimsikia. Ilikuwa magharibi, umeme umekatika, na kule jikoni bomba alilolifunga kwa mkono wake likaanza kugugumia, kwanza taratibu kama mtu anayesukutua mdomo, kisha kwa nguvu, na harufu ya ngozi ikatangulia kuingia sebuleni, na nyuma ya harufu zikaja nyayo, chwapa, chwapa, za miguu iliyolowa maji, mwenyewe haonekani, zikaacha alama za samawati sakafuni toka mlango wa jikoni hadi kwenye mkeka alikolala Fundi, zikasimama hapo, na Fundi akafumbua kinywa akiwa usingizini, kama mtoto anayesubiri kulishwa, na kitu kikamwinamia kikaanza kunywa.

Jirani aliposikia mayowe ya Msomi alimleta mganga, mama mnene aliyewahi kuwa muuguzi na ambaye bado alikuwa na haraka za wodini. Akafukiza ubani, akamshika Fundi mkono kama anayehesabu mapigo.

"Nani amekukaribisha kwa binti huyu?"

Sauti iliyojibu kinywani mwa Fundi ilikuwa ya bibi kizee, nzito, inayobubujika.

"Nilikuwa na nyumba, wakaitia sumu. Nikaona maji safi, nikasema huyu atanibeba, akanisemee kwa watu. Nimemwagwa kama mkojo. Nimefutwa. Na mimi nitamnywa huyu wa kwake mpaka akauke."

"Unataka nini umwache?"

"Nirudishwe nilipofutwa, mbele ya watu. Aliyenimwaga atakunywa. Aliyenifuta atakunywa."

Mganga akageuka. "Nani alimfuta?"

"Profesa," Msomi alidakia. "Yote alifanya Profesa."

Fundi, macho ameyafumba, akacheka kicheko kirefu chenye maji.

Mganga alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake. "Mvamizi namtoa. Huyu amedhulumiwa, mwanangu. Nikimgusa atanigeukia mimi. Fanya alivyosema, na ufanye upesi. Mdogo wako anakwisha."

Utetezi ulikuwa kesho. Msomi alijua kumpinga msimamizi wake mbele ya jopo ni kumwaga unga. Miaka yote ya kusoma ingekwenda na maji. Akautazama mkono wa Fundi, umekonda, umening'inia ndani ya ndoo. Akawasha kompyuta, akaurudisha mstari wa chemchemi mahali pake.

Mbele ya jopo alisimama, akawasha projekta. Jedwali lilipotokea ukutani, Profesa aliruka kitini.

"Kituo hicho tulikitoa! Chupa yake ilikuwa chafu!"

"Ilikuwa chafu, ndiyo," alisema Msomi. "Kwa nini ulinikataza kurudi kuchota? Na kwa nini ulimwaga ushahidi? Watu wanakunywa maji hayo, Profesa."

Mwenyekiti wa jopo akamgeukia Profesa, akingoja jibu. Profesa akakohoa, akafuta jasho, akanyoosha mkono kwenye glasi yake ya maji. Harufu ya ngozi ilimfikia Msomi kabla glasi haijafika mdomoni kwa yule mzee. Angeweza kupiga kelele. Alinyamaza, tena alinyamaza kwa furaha.

Profesa akanywa. Akajaza tena, akanywa, akaliinua jagi lenyewe akalimaliza, akampokonya mwenyekiti glasi yake, akachomoa maua kwenye chombo akanywa maji yake mabichi, kisha akatoka mbio akigonga viti hadi kwenye bomba la ukumbini, akalifungua, akalibana kwa meno, na watu wazima walimvuta kiuno wasiweze kumbandua huku tumbo likimvimba na maji ya samawati yakimtoka puani. Walipombandua alikuwa ameshakata roho. Koo lake lilikuwa bado linameza.

Msomi hakukumbuka alivyofika nyumbani. Fundi alikuwa kwenye cherehani, uso umejaa, anashona huku akiimba ovyo.

"Dada! Nimekunywa nusu kikombe nikatosheka! Na jopo lako?"

"Wamesema chemchemi itapimwa upya. Mimi wataniita baada ya mazishi."

"Mazishi ya nani?"

Msomi alimkumbatia, akalia, akacheka, akamweleza yote. Fundi alishika mdomo, kisha akasema yule mzee na alale anapostahili, akaenda kumletea dada yake glasi ya maji.

"Shika, Msomi wangu. Umepauka kama chokaa."

Msomi aliipokea. Hapo ndipo alipogundua kwamba koo lilikuwa linamwasha tangu njiani, na kwamba alikuwa ameshapita madukani mara kadhaa kununua maji. Harufu ya ngozi ikapanda toka kwenye glasi. Akakumbuka kile kicheko. Akakitazama kidole chake, kilichobonyeza kufuta bila kushikwa na mtu.

"Ni maji safi hayo, nimeyachemsha mwenyewe," alisema Fundi. "Mbona hunywi?"

Jikoni, bomba likaguna.

Msomi alijua hapaswi kunywa. Lakini kiu ilikuwa kubwa mno. Akanywa hadi tone la mwisho, akamnyooshea mdogo wake glasi.

"Niongeze," alisema.