Kasumba ya Leseni Namba 412

Karani Sanit alikutwa amekufa mezani pake katika ofisi ya wilaya saa nane mchana, kijiko kikiwa bado mkononi. Mbele yake palikuwa na vyombo vya chakula vya bati, vile vya kupangana, na bakuli la mchuzi wa mboga ya karela lililobaki robo.

Inspekta Kasem alimfunua marehemu kope. Mboni zilikuwa zimenywea kama ncha za sindano.

"Nani aliingia humu?" aliuliza.

"Hakuna, afande," alijibu Koplo Bunlert. "Makarani wenzake wanasema alikula, akasinzia. Wakadhani ni usingizi wa shibe."

Jioni daktari alileta majibu ya uchunguzi wa maiti.

"Kasumba," alisema.

"Sanit hakuwa mvutaji."

"Hakuvuta. Alikula. Imo tele kwenye mchuzi. Karela ni chungu, na kasumba ni chungu. Ulimi haukushtuka."

Kasem alikasirika. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu serikali ipige marufuku kasumba nchini Siamu. Hiyo hiyo serikali iliyokuwa ikiiuza tangu enzi za mababu, kwa mhuri, kwa kipimo na kwa leseni, ilifunga maduka yake na kuchoma viko vya kuvutia hadharani. Mjini kwetu kazi ya kusafisha ilimwangukia yeye. Aliifanya vizuri, akapandishwa cheo.

Chakula cha makarani kilipikwa na Lamyai, mwanamke wa miaka arobaini, mkimya, aliyesifiwa kwa mkono wake. Asubuhi Kasem alikwenda jikoni kwake.

"Jana ulipika nini?"

"Maboga na nyama ya nguruwe."

"Makarani wote tisa?"

"Wanane. Bwana Sanit aliomba karela."

"Aliomba lini?"

"Juzi."

"Mbele ya nani?"

Lamyai aliendelea kukata vitunguu. "Afande, nani anaweka shahidi wa karela?"

Bunlert alikuwa amekwisha kuchakura majivu ya jiko. Alichomoa kijibomba cha bati cha kuuzia kasumba, kirefu kama kidole, kimebanwa na kuungua upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa na mhuri wa serikali, na namba iliyokwaruzwa kwa msumari: 412.

"Hiki cha nani, mama?"

"Cha serikali," alisema Lamyai. "Si unaona mhuri?"

Kasem alimwacha chini ya ulinzi, akaenda stoo ya wilaya. Daftari la wavutaji wenye leseni lilikuwa juu ya rafu, limeliwa pembe na mchwa. Alifunua hadi 412. Kham Pan, fundi seremala, miaka sabini na moja. Kando ya jina palikuwa na neno "amekamatwa", tarehe na sahihi. Chini yake mtu mwingine alikuwa ameongeza: "amefia mahabusu, siku ya tatu."

Sahihi ilikuwa ya Kasem.

Alijaribu kuukumbuka uso wa yule mzee, akashindwa. Wiki ile walikamata watu sitini.

Lamyai aliketishwa chumba cha mahojiano mchana ule ule. Koplo alishika kalamu.

"Kham Pan ni nani kwako?"

"Baba yangu."

"Kasumba ulipata wapi?"

"Ni yake. Mgao wake wa mwisho, aliulipia kwenye dirisha la serikali. Aliniambia niufiche mbali naye, asije akashindwa kuvumilia."

"Ulimtilia Sanit kwenye mchuzi?"

"Nilimtilia yote."

Bunlert aliinua macho. Kasem akamwashiria aendelee kuandika.

"Kwa nini?"

"Sanit alikuja nyumbani na daftari lake. Akasema, 'Mzee, njoo ujiandikishe upya, utapelekwa hospitali, utapewa dawa ya kupunguza kidogo kidogo.' Baba akanyoa ndevu. Akavaa shati la kwenda hekaluni. Akaja hapa kituoni mwenyewe kwa miguu yake, afande. Hamkumkamata popote. Mlimfungia mlango."

"Wilaya ilitaka watu sitini," alisema Kasem, na papo hapo akajuta kusema.

"Alitapika siku tatu kwa kukosa kasumba. Nilileta uji, mkaurudisha. Nilimsikia kupitia ukuta akiomba maji. Miaka thelathini serikali ilimuuzia, halafu asubuhi moja ikamwita mhalifu kwa kununua."

"Mwaka mzima umemlisha Sanit. Kwa nini sasa?"



"Nilidhani alidanganywa kama sisi. Juzi nilipompelekea chakula alikuwa anacheka na wenzake, wanasherehekea cheo chake. Akaniambia, 'Dada, nilikuwa na watu hamsini na tisa. Baba yako ndiye aliyenitimizia.' Akaniomba nimwongezee wali."



"Soma maelezo," Kasem alimwambia koplo.

Bunlert alisoma. Alipomaliza, Lamyai alisukuma karatasi.

"Siweki kidole. Umeandika 'mzee alifia mahabusu.' Mahabusu haina mikono. Andika aliyefunga mlango."

"Mama, hayo hayahusiani na kesi," alisema Bunlert.

"Yanahusiana. Mimi nimeua, nimetaja jina langu. Na aliyefunga mlango ataje lake."

Bunlert alimtazama mkuu wake. Nje, kwenye ubao wa kituo, bado lilikuwepo tangazo la pongezi kwa wilaya iliyomaliza kasumba.

Kasem alichukua kalamu. Alikuwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani, kwa marehemu, kwa wilaya au kwake mwenyewe. Aliandika jina lake kamili, cheo, na tarehe ya siku mzee alipofungiwa, kisha sentensi moja: kwamba mzee alikuja kwa hiari kuomba tiba, naye akamfungia.

"Wakubwa watalikata hili, afande," alinong'ona koplo.

"Basi andika nakala tatu. Moja mpe wakili wa mama huyu."

Lamyai aliisoma polepole, akisogeza midomo. Kisha akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya majina yote mawili.