Mikato Arobaini na Moja

Mke wa mkata mawe alikuwa dobi. Alifua siku mbili kwa juma. Siku zilizobaki alipiga pasi katika chumba cha mbele, kwenye meza iliyokaa karibu na dirisha. Nguo zilizonyooshwa zilitundikwa kwenye kamba, kila moja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe.

Mumewe alikaa kwenye kiti karibu na mlango, mahali penye hewa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekata mawe ya sakafu na ngazi katika karakana moja. Mashine zao zilikata jiwe likiwa kavu, na vumbi lake lilikuwa laini kama unga. Hakuna aliyewaambia walowanishe jiwe kwanza. Hakuna aliyewapa barakoa ya maana. Sasa mapafu yake yalikuwa yamejaa makovu. Kutoka kitini hadi bombani uani ni hatua ishirini, naye alipumzika mara mbili njiani.

Kusema kulimchosha kuliko kutembea. Alisema maneno matatu, akavuta hewa, akasema mengine matatu. Mkewe alikwisha kuzoea. Hakuwahi kummalizia sentensi, hata alipojua anachotaka kusema. Mimi naona hiyo ilikuwa heshima kubwa, kwa sababu wengi wetu hatuna subira hiyo hata kwa watu wazima wa afya.

Jumatatu moja mke alirudi na habari. Kliniki ya mapafu ilikuwa inatafuta wagonjwa kumi na wawili. Watapewa dawa na kufundishwa namna ya kupumua, kwa miezi mitatu. Walioomba walikuwa wameshapita mia. Kila mwombaji alitakiwa kuandika barua ya ukurasa mmoja, kwa maneno yake mwenyewe, aeleze ugonjwa wake tangu ulipoanza. Barua iwe kwa Kiingereza, maana madaktari watakaoisoma walitoka nchi mbalimbali na hiyo ndiyo lugha iliyowaunganisha. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana.

"Kiingereza cha karakana ninacho," mume alisema. Akavuta hewa. "Lakini kalamu na mimi..." Akavuta tena. "Hatusalimiani."

"Wewe sema, mimi nitaandika," mkewe akajibu.

Alizima pasi, akakunja kitambaa cha mezani, akakaa. Mume alisema, mke akaandika. Kila alipovuta hewa, mke aliweka mkato. Alifanya hivyo kwa makusudi. Zamani mwalimu wake shuleni alimwambia aweke mkato mahali anapopumua, naye hakuwa amelisahau somo hilo. Barua ilipokwisha alitia nukta moja, chini kabisa. Mikato ilikuwa arobaini na moja.

Jumatano asubuhi aliipeleka kliniki. Muuguzi wa mapokezi aliisoma pale pale dirishani. Akairudia mara ya pili, kidole kikifuata mistari.

"Mama, umeandika wewe?"

"Mimi. Maneno ni ya mume wangu."

"Damu alianza kukohoa Machi au Aprili? Na hospitali alilazwa Aprili au Juni?"

Mke aliinama aitazame karatasi. Alijua majibu yote, lakini kwenye karatasi hakuyaona.

"Sijui kama wewe ni mzembe au umechoka," muuguzi alisema, bila ukali. "Ila madaktari wana barua mia na ishirini. Ikiwachanganya, wataiweka pembeni. Ichukue, uilete nyingine kabla ya Ijumaa."

Mke aliirudisha barua kwenye bahasha. Njiani aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu. Kama mumewe angekosa nafasi hii, hakuna mwingine wa kulaumiwa ila mwandishi.

Alasiri ile jirani yao alikuja kuchukua nguo zake. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapishaji. Kazi yake ilikuwa kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kuondoa makosa, za Kiswahili na za Kiingereza. Wenzake kazini walimwita Bi Nukta, kwa sababu akisema jambo, limekwisha. Jina lilimfuata hadi nyumbani.

"Shemeji, hujambo?" alimsalimia mgonjwa.

"Sijambo. Nakaa hapa," akavuta hewa, "kama mzigo usiochukuliwa."

"Mzigo wenyewe mwepesi siku hizi. Nikikutia kwenye kapu la nguo hata sitajua."

Mume alicheka kwa uangalifu, asije akaamsha kikohozi. Mkewe hakucheka. Bi Nukta akaona.

"Kuna nini, dada?"

Mke alimpa barua. Bi Nukta alivaa miwani, akaanza kuisoma kwa sauti, kama alivyozoea kazini. Alisimama palipokuwa na mkato, akaendelea pasipokuwa nao:

I cut stone, for nineteen, years I stopped, work in March I, coughed blood in April I, was in hospital, in June I use, an inhaler cough, syrup and white, tablets

Alisoma mistari sita, akaishusha karatasi. Lile lililotoka kinywani mwake halikuwa barua. Ilikuwa pumzi ya mkata mawe, ikikatika pale pale inapokatika kila siku.

"Huyo ni mimi," mume alisema polepole.

Mke alijifunika uso kwa kitambaa cha pasi. Miaka mitatu alikuwa ameisikia pumzi ile, lakini hakuwa ameisikia ikitoka kwa mtu mwingine. Bi Nukta alivuta kiti, akakaa kando yake, akangoja.

"Dada, umeandika kwa uaminifu," alisema mwishowe. "Umeandika pumzi zake zote. Lakini mikato na nukta si za anayesema. Ni za anayesoma. Zinamwonyesha jambo moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi."

"Mwalimu alisema uweke unapopumua."

"Mwalimu alikuwa anawafundisha kusoma kwa sauti, tena watoto wenye mapafu mazima. Kwa kuandika, pumzi haitoshi kuwa kipimo. Angalia maana."

Mke alitikisa kichwa. "Nikiiondoa mikato hii, watajuaje anavyoteseka? Wataona barua safi, wadhani mtu mwenyewe ni mzima. Sitaki kumfanya mzima wa uongo."

Lilikuwa swali zuri. Bi Nukta alivua miwani, akaifuta.

"Mateso yake uyaseme kwa maneno," alisema. "Usimfichie daktari ndani ya mikato, ayatafute. Shemeji, unaweza kusema maneno mangapi bila kuvuta hewa?"

"Matatu. Siku njema," akavuta hewa, "manne."

"Basi hiyo ni sentensi. Dada, iandike."

Mke aliishika kalamu. Aliandika kwa herufi za taratibu:

I cannot say more than four words without stopping for breath.

"Isome," Bi Nukta alimwambia.

Mke aliisoma. Haikuwa na mkato hata mmoja, ila maumivu yalikuwa yote humo. Aliitazama kwa muda.

"Sasa tuanze juu," Bi Nukta alisema. "Alifanya nini?"

"Alikata mawe miaka kumi na tisa."

"Habari imekamilika?"

"Imekamilika."

"Tia nukta. Sentensi ifuatayo ianze kwa herufi kubwa. Na hapa, kati ya mtenda na tendo lake, usiweke mkato. Ukiandika I, halafu mkato, halafu coughed, umemtenga mtu na kikohozi chake. Laiti ingewezekana."

Mume aliguna kwa kicheko. Mke aliandika:

I cut stone for nineteen years. I stopped work in March. I coughed blood in April. I was in hospital in June.

Alizisoma mara mbili. Swali la muuguzi lilikuwa limejibiwa. Kila mwezi ulikaa na jambo lake, na hakuna mtu angeweza kuvihamisha.

Walipofika kwenye dawa, Bi Nukta alimwonyesha kwamba vitu vikiorodheshwa hutenganishwa kwa mkato, ili kila kimoja kisimame peke yake. Mke aliandika dawa ya kuvuta, mkato, dawa ya kikohozi na vidonge vyeupe:

I use an inhaler, cough syrup and white tablets.

Kisha akakosea upande wa pili. Alikuwa ameipenda nukta, akaitia kila mahali:

When I climb the stairs. I stop four times.

"Ngoja," Bi Nukta alisema. "Ukiniambia 'Ninapopanda ngazi' halafu ukanyamaza, mimi nitafanya nini?"

"Utaningoja nimalize."

"Na nukta inasema umekwisha maliza. Kipande hiki cha mwanzo kinategemea cha pili. Hapo katikati tia mkato."

Mke alifuta nukta, akatia mkato, akaiacha I na herufi yake kubwa, maana kwa Kiingereza neno hilo huandikwa hivyo popote. Alianza kuzitafuta alama mwenyewe. Alikosea mara mbili, akajirekebisha kabla ya kuambiwa.

"Na msimamizi," mume alisema ghafla. "Andika alivyosema. Nilipomwambia nakohoa."

Mke alimtazama. Neno hilo halikuwamo katika barua ya kwanza. Alikuwa hajawahi kulisikia.

"Alisemaje?"

"Alisema, kila mtu," akavuta hewa, "hapa anakohoa."

Bi Nukta alisema kwa sauti ya kazini:

"Maneno ya mtu mwingine, kama alivyoyatamka, hufungiwa ndani ya alama za kunukuu. Yabaki yake. Asimsukumie mwingine."

Mke aliandika:

The foreman said, "Everybody coughs here."

Mwisho wa barua mume alitaka kuuliza kama wanaweza kumsaidia. Safari hii mke hakuambiwa. Aliandika "Can you help me" na kutia alama ya kuuliza, kubwa kuliko ilivyotakiwa. Bi Nukta aliiona, akaiacha vilevile.

Alhamisi asubuhi barua ilikuwa dirishani. Muuguzi aliisoma mara moja, akaigonga muhuri.

Juma lililofuata mkata mawe aliitwa. Aliketi na mkewe mbele ya madaktari watatu. Mmoja wao, mwanamke mwenye nywele za mvi, aliichukua barua na kuisoma kwa sauti, ili wenzake waisikie. Alisimama kwenye nukta. Alipumzika kidogo kwenye mkato. Miaka kumi na tisa ya mawe ilipita katika sauti iliyotulia, isiyokatika. Mkata mawe alisikiliza kichwa kikiwa chini. Hakuwa amewahi kuisikia habari yake ikienda hadi mwisho bila kukwama.

"Maneno haya ni yako?" daktari alimuuliza.

"Ni yangu," alijibu. Akavuta hewa. "Yote."

Yule daktari alitazama tena ile sentensi kuhusu maneno manne, kisha akamtazama yeye, akaandika kitu pembeni mwa barua.

Alipata nafasi. Sitawadanganya: makovu ya mapafu hayafutiki, na madaktari walimwambia hivyo siku ya kwanza. Lakini walimpa dawa zinazofaa. Walimfundisha kutoa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa, na kutembea kwa kipimo. Kila juma mkewe alijaza daftari la kliniki kwa Kiingereza: alilala vipi, alitembea hatua ngapi, alikohoa nini. Muuguzi hakumrudishia hata ukurasa mmoja. Wake wawili wa wagonjwa wengine walianza kuja na madaftari yao, nao wakakaa kwenye meza ya pasi, wakiulizana nukta iende wapi.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, mke alikuwa anapiga pasi mashati ya ofisini. Mumewe alikuwa kitini, akimtazama anavyokunja.

"Mama watoto, hilo shati la bluu bado lina unyevu kwenye kola, usilikunje kwanza," alisema kwa pumzi moja.

Mke aliisimamisha pasi kwenye kisahani chake. Aligusa kola. Kweli ilikuwa na unyevu. Alibaki amelishika shati, mgongo kwa mumewe, machozi yakimtiririka.

"Umesikia?" mume akauliza.

"Sikusikia," alisema. "Sema tena."