Mawe ya Ploti 41

Mimi nikisema kitu, nimekiona. Shemeji yangu Musila ni fundi wa mawe. Mwaka jana alijenga nyumba yake kwenye ule mji mpya upande wa Mashuuru, uliochorwa kwa kuiga mji fulani wa Uskoti: barabara za mviringo, njia za miguu zisizokutana na magari, kila mtaa na maduka yake. Mchoraji hakuwahi kukanyaga Kajiado. Njia moja ya miguu aliipitisha kando ya rundo kubwa la mawe, na rundo likawa ndani ya ploti 41, ya Musila.

Musila aliona mawe ya bure. Akayamwaga yote kwenye msingi.

"Hilo ni kaburi la oloiboni, mganga wetu wa zamani," jirani mfugaji, Sironka, akamwambia. "Kila anayepita huongeza jiwe."

"Sasa wataongezea wapi, mzee? Sebuleni?"

Sironka hakucheka.

Walipohamia tu, jiwe moja likapatikana mlangoni, lina vumbi jekundu la udongo wa pale. Kesho yake lingine. Kila jiwe likija, kifua cha Musila kinazidi kulemewa, mpaka akawa analala ameketi. Hospitali haikuona kitu. Dada yangu Mbeke akaniita kabla hajawa mjane. Nikajua ni Sironka, anataka watoke. Mimi sina subira na watu wa kuzungukana.

Jumamosi, saa sita mchana, nikajificha nyuma ya pazia la sebule yao na rungu.

Sironka akapita na mbuzi wake. Mikono mitupu. Hakusimama.

Kisha Mbeke akarudi kutoka dukani. Akainama. Akaweka jiwe mlangoni, polepole, kama anayelaza mtoto. Akaingia.

"Umeweka nini pale?" nikanong'ona.

"Wapi?"

Chumbani Musila akakohoa. "Moja tena," akasema.

Siku hiyohiyo nikawahamishia kwangu Kitengela. Musila akalala chali, wiki nzima, akikoroma.

Nikarudi kumwomba Sironka radhi, maana mimi nikikosea husema.

"Ulinishuku mimi," akajibu kwa sauti ya chini. "Na wewe siku ile ulipofika nilikuona ukiinama pale mlangoni."

Nilimwacha nikiwa na hasira.

Leo asubuhi nimemkuta Musila ameketi kitandani, mkono kifuani. Kwangu udongo ni mweusi, hauna hata kokoto. Mlangoni kuna jiwe moja.

Na viganja vyangu vina vumbi jekundu.