Bawaba Iliyonyamazishwa

Kilichomshtua Steinvör ni kwamba mumewe aliingia ndani naye hakusikia. Alikuwa jikoni akimenya viazi, akageuka, na Ketill huyo nyuma yake, kopo la grisi mkononi, meno yote nje.

"Umesikia?"

"Nisikie nini?"

"Ndiyo hivyo! Hakuna cha kusikia. Mlango wako nimeukomesha."

Steinvör akacheka, akamchapa na kitambaa cha vyombo. Ni yeye aliyemsumbua mumewe mwezi mzima autengeneze. Mlango wa mbele wa Hraunkot, shamba lao, haukukwaruza kama milango mingine. Ulilia, kilio chembamba kinachopanda na kukatika, na kila ulipofunguliwa Una, binti yao wa miezi saba, aliamka akilia nao, kilio chake kikiishia kwenye kwikwi moja ndogo kama kawaida yake.

Nyumba ilikuwa ya Bibi Bergljót, bibi yake Ketill, aliyehamia nyumba ya wazee mjini kiangazi kile. Ketill ni mtu asiyeweza kuona skrubu imelegea akapita zake. Kila bawaba na kila komeo la shamba lile alikuwa ameshalipaka. Mlango wa mbele tu ndio aliouacha mpaka siku hiyo, maana alikumbuka utotoni bibi yake akiupapasa kila apitapo, na kila mkesha wa Krismasi akidondoshea bawaba zake maziwa.

"Maziwa badala ya mafuta," alisema akinawa. "Ubahili wa bibi yangu huo. Ndiyo maana zimeliwa na kutu."

Kesho yake asubuhi oveni ililia. Oveni yenyewe mpya, iliyonunuliwa Agosti. Steinvör alivuta kifuniko kutoa mkate, na kilio kilekile cha mlangoni kikatoka mbele ya magoti yake. Ketill akaleta kopo, akapaka, kikanyamaza. Mchana kikatoka kwenye mashine ya kufulia. Akapaka. Jioni kikatoka kwenye lango la zizi, na kondoo wote wakajibana ukuta wa mbali, wamepandana migongo. Akapaka na huko, lakini safari hii alirudi bila mzaha wowote.

"Nusa," alimwambia mkewe, akinyoosha vidole.

Grisi ilinuka maziwa yaliyochacha.

Siku tatu mambo yakawa hivyo, kilio kikizibwa hapa kinazuka pale, kwenye kabati la nguo, kwenye gurudumu la kigari cha mtoto, kwenye mfuniko wa sanduku la viatu, kila mara hatua chache karibu zaidi na chumba cha Una, na Ketill nyuma yake na kopo, mikono myeusi mpaka viwiko, kwa sababu alichokuwa akikijua ni hicho tu, kwamba chuma kikilia unakipaka.

Alhamisi kilio kikafika kwenye kitanda cha mtoto, kwenye bawaba ya ule ubavu unaoshushwa.

"Ketill, acha," Steinvör alinong'ona, akimshika mkono. "Hapana, hapo usipake. Kinahama. Huoni kinahama?"

"Ni chuma tu, mpenzi."

"Chuma gani kinachotembea?"

"Unataka nikiache kilie sikioni mwa mwanangu?"

Akakwangua kopo kwa kidole, akapaka grisi ya mwisho. Nyumba nzima ikanyamaza. Una akafumbua macho, akafungua mdomo, na kilichotoka mdomoni mwake ni sauti ya mlango wa mbele.

Daktari wa mjini alimulika koo, akasema koo ni zima, wampe siku mbili. Siku mbili atazitoa wapi? Hakunyonya. Maziwa yalimwagika pembeni mwa mdomo, mwili ukapoa mikononi mwa mama yake, na kile kilio cha kutu kikatoka kila alipovuta pumzi. Jumamosi mchana midomo ilikuwa ya bluu. Hapo ndipo Ketill alipompigia bibi yake.

Bibi Bergljót alisikiliza kidogo tu.

"Huyo anayelia si Una," alisema. "Mjukuu wangu, umeufanya nini mlango wangu?"

"Niliupaka grisi, Bibi."

Kikongwe akaguna kama aliyechomwa. Kisha akamwambia. Zamani za bibi wa bibi yake, mtumishi wa nyumba ile alijifungua kwa siri, akakilaza kichanga kwenye theluji, kule kwenye mawe meusi ya volkano nyuma ya zizi. Kila dhoruba kilirudi mlangoni kikilia, na waliotoka kukitazama hawakurudi. Mwisho mama mwenye nyumba alikiambia kilie palepale, kwenye bawaba, watakisikia kila siku, na akakipa maziwa.

"Kilitaka kusikika tu, Ketill. Wewe umekiziba mdomo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenicheka. Na baba wa kichanga kile alikuwa mwenye nyumba, damu yetu. Nani anasimulia aibu kama hiyo? Futa grisi yote. Kisha maziwa, na yasiwe ya dukani."

Ketill aliung'oa mlango, akaosha bawaba kwa mafuta ya taa, akakwangua kila mfereji kwa msumari, huku analia waziwazi. Akaurudisha. Steinvör alifungua gauni, akakamua maziwa yake juu ya chuma, Una amemlalia begani, mzito, wa baridi.

"Rudi mlangoni kwako, mwanangu," alibembeleza. "Tutakusikia. Rudi."

Akausukuma mlango. Kimya. Akakamua tena, akausukuma tena. Kimya. Pumzi ya Una sasa ilikuwa inakuja na kupotea, na Steinvör akapiga magoti kizingitini, akabusu ile bawaba yenye mafuta ya taa.

"Chukua chochote!" alipiga kelele. "Chochote chake, chochote changu, niachie uhai wake tu!"

Mlango ukalia.

Una akashtuka, akapata rangi, akatafuta ziwa, akanyonya kama mtu aliyetoka jangwani. Ketill aliwakumbatia wote wawili, akicheka na kulia. Ni Steinvör aliyesikia kwanza. Kilio cha mlango hakikuwa chembamba tena. Kilikuwa kimejaa, cha mtoto aliyeshiba, na mwishoni kilikatika kwa kwikwi moja ndogo.

Una ana miaka minne sasa. Ni mzima, mkorofi, anakimbiza kondoo, anacheka mdomo wazi bila sauti yoyote. Kopo la grisi halijaingia Hraunkot tena. Mtoto akianguka huko nje, hakuna anayemsikia, lakini mama yake huacha kila kitu na kukimbia, kwa sababu mlango wa mbele, uliofungwa, usioguswa na mtu, huwa umeshaanza kulia.