Turbo Iliyoita Watu kwa Majina

Tume ya Muda ya Kuthibitisha Kelele Isiyo ya Kawaida katika Gari la Utumishi. Ndivyo ilivyoandikwa juu ya barua, kwa herufi kubwa, na chini yake muhuri wa Brigade ya Madaraja Madogo, Kabambare, ofisi yenye mihuri miwili na isiyo na daraja hata moja.

Tume ilikuwa na watu wawili: Jean-Paul, shefu wa ofisi, na Christophe, karani wake. Mtuhumiwa alikuwa Zéphirin, dereva, kwa sababu yeye ndiye aliyefungua turbo ya jeep ya ofisi, kifaa kinachoipa mota nguvu, na kuitengeneza nyumbani kwake, uani, bila ruhusa. Si kwamba ruhusa haikuombwa. Iliombwa, jibu lilikuwa njiani kutoka Kindu, makao makuu ya jimbo, na njia ya kutoka Kindu kila mtu anaijua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Ndani ya turbo mna kipete cha shaba ambacho ekseli inazungukia, na kipete kile kilikuwa kimelika. Kipya hakikuwepo Kabambare, wala Kasongo. Lakini nyuma ya ofisi, katika majani, ililala kengele kuukuu iliyopasuka. Wazee walisema kwamba enzi za pamba, wakati wa ukoloni, kengele ile ilipigwa kila asubuhi, kisha watu wakaitwa kwa majina kwenda kulima na kubeba mizigo, na aliyeitwa asiitike alifuatwa nyumbani na askari. Hakuna aliyekataza kuigusa. Hakuna aliyeigusa pia. Zéphirin alikata kipande kwa msumeno, mkewe Anastasie akakisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikang'aa, na mume akakichonga kwa tupa hadi kikaingia mahali pake kana kwamba kilizaliwa humo.

"Baba Nadine, hii ni shaba ao dhahabu?" Anastasie aliuliza, akijitazama ndani yake.

"Ingekuwa dhahabu, shefu angekuwa amekwisha kuiandikia barua."

Jeep iliwaka. Nguvu ikarudi. Kitu kimoja tu: mguu ulipoacha mafuta, filimbi ya turbo ilichelewa kunyamaza. Ilishuka polepole, na chini kabisa, mahali ambapo chuma kinapaswa kukoma, ilibaki ikinong'ona. Na kulikuwa na harufu: mawese yaliyoungua, na nyuma yake harufu ya nyumba iliyofungwa miaka mingi.

Tume ilikutana asubuhi mbele ya ofisi. Zéphirin aliwaonyesha namna mafundi wanavyosikiliza mota: ncha ya turnevisi ndefu, yaani bisibisi, juu ya turbo, mpini kwenye mfupa wa sikio. Christophe akainama.

"Unasikia nini?" Jean-Paul aliuliza.

"Ngoja kwanza, shefu. Iko kama mutu anasoma."

"Anasoma nini?"

Christophe alisimama ghafla, mikono imebana mapaja. "Présent!"

Jean-Paul alicheka hadi akashika kapo, kifuniko cha mota. "Ona karani ya serikali! Mota ikikohoa, yeye iko présent. Unaogopa watakufuta ku orodha?"

Zéphirin naye alicheka. Ofisini kila mtu alikuwa na ugonjwa ule. Wakaguzi wanapokuja kutafuta wafanyakazi wa uongo, jina lako linaitwa mara moja, na usipoitika "présent", yaani nipo, umekufa kwa karatasi. Watu wa Brigade waliitika hata usingizini.

Lakini Christophe hakucheka. Sasa alikuwa ameegemea bomba la moshi kwa kiganja chote, na bomba lilikuwa la moto. Nyama ilinukia kabla mtu hajaelewa. Zéphirin ndiye aliyemvuta. Christophe alitazama ngozi iliyobaki kwenye chuma kama mtu anayetazama barua ya jirani.

"Imeungua," alisema. Akachukua kalamu kwa mkono mwingine.

"Wewe! Hausikii maumivu?" Jean-Paul alimnyang'anya turnevisi, akainama mwenyewe, kwa hasira ya mkubwa anayetaka kumaliza upuuzi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyeshtushwa darasani, "Présent."

Mchana uleule mtu wa pikipiki alifika kutoka Wamaza na habari kwamba mama yake Jean-Paul amefariki. Wanawake wa sokoni walikwisha kuweka mikono kichwani. Jean-Paul alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri," akauliza nani ameona kifuniko cha kalamu yake.

Hapo ndipo Zéphirin alipoacha kucheka. Aliipeleka jeep nyumbani ili afungue turbo tena. Akazima, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kutafuta spana.

Jua lilikuwa bado kali. Aliporudi uani aliona kapo imefunguka, na mota iliyozimwa ilikuwa kimya, feni imesimama, lakini turbo ilikuwa ikizunguka, peke yake, na filimbi yake haikupanda wala kushuka bali ilikaa pale chini kwenye mnong'ono, na mnong'ono ule haukutoka tena ndani ya gari tu, ulikuwa umevuka uwanja, umepita kuku ambao walikuwa wamelala chini wote upande mmoja, umefika mlangoni mwa jiko, na sasa Zéphirin hakuhitaji turnevisi kusikia, kwa maana jina lilisomwa wazi, la ukoo kwanza na la ubatizo baadaye, kama serikali inavyosoma: Mwamba, Anastasie.

Alimkuta amesimama, mwiko mkononi, mdomo unafunguka.

"Baba Nadine, nani ananiita?"

Alimziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Usijibu. Hata kidogo."

Chini ya kiganja midomo yake iliendelea kujitengeneza. Si yeye aliyekuwa akiitengeneza. Macho yake yalikuwa yanamwomba mumewe aishike vizuri zaidi.

Alimfunga kitambaa mdomoni, akamwomba msamaha, akapiga kelele kwa majirani wamwite Maalim Hemedi. Maalim alikuwa mtu wa Nyangwe, amekuja kuuza samaki wakavu, na watu walisema majini wanamjua kwa heshima. Zéphirin alikuwa Mkatoliki wa kupiga magoti safu ya mbele kanisani. Siku ile alipiga magoti mahali palipokuwa karibu.

Hemedi alifika akinuka samaki. Alitega sikio, hakukaribia.

"Umeitoa wapi hii shaba?"

"Ku kengele ya nyuma ya ofisi."

"Eh, bwana." Alitikisa kichwa bila kushangaa sana. "Kuna jini mule. Enzi za pamba walimufundisha kazi moja tu, kuita watu. Mwenye kuitika, anamukamata ya ndani. Inabaki ngozi inatembea."

"Nikiitoa?"

"Itoe, nitairudisha kwa kengele yake mule majani na kuisomea, itanyamaza. Watu wengine hawataitwa tena. Lakini jina ya huyu mama imekwisha kusomwa. Iko inangoja."

"Na asipoitika?"

Hemedi alielekeza kwa kidevu. Anastasie alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, na miguu yake ilikuwa inakwenda kuelekea jeep, visigino vikichora mistari katika vumbi, kama mtu anayesukumwa mgongoni na askari wawili wasioonekana, na wanawake wale wenye nguvu za kubeba magunia ya mihogo walikuwa wanavutwa pamoja naye huku wakiita Yesu na Bikira, mpaka kitambaa kikaanza kulegea mdomoni.

"Maalim," Zéphirin alisema polepole, "inajua sauti ya mutu?"

Hemedi alitazama pembeni, ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Kengele iko na macho gani? Inataka tu mutu aitike."

Anastasie alisikia. Alianza kutikisa kichwa kwa nguvu, kitambaa kikaanguka, akapiga kelele, "Zéphirin, apana! Miye ndiyo waliita! Acha!" Kwa miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kumwita kwa jina. Kisha midomo ikaanza tena kujitengeneza, na herufi ya kwanza ilikuwa imekwisha kutoka.

Zéphirin aliinama chini ya kapo, karibu kuliko hata fundi anavyopaswa kukaribia, akasema lile neno.

Turbo ilisimama. Kuku wakaamka. Aliifungua kwa spana, akatoa kipete, akampa Hemedi, naye akakifunga ndani ya gazeti lililokuwa na samaki, akaondoka akisoma. Yote yalikwenda bila shida. Kipete kilikuwa bado cha moto na Zéphirin alijua hivyo kwa sababu vidole vyake vilitoa moshi.

Anastasie alikuja akamkumbatia, akalia begani mwake kwa muda mrefu. Shati lililowa. Zéphirin alifahamu kwamba huyu ni mke wake, kwamba analia, na kwamba mume hufanya jambo fulani wakati kama huo. Alitafuta ni jambo gani. Baadaye aliweka spana katika sanduku, kwa mpangilio wa ukubwa.

Tume ilimaliza kazi yake juma lile. Wajumbe wote wawili wa tume na dereva walitia sahihi bila ubishi, jambo ambalo halijawahi kutokea katika Brigade, na Kindu iliwapongeza kwa utulivu wao. Ripoti inasema kwamba kelele imekoma na kwamba sababu yake ilikuwa skrubu iliyolegea.

Skrubu hazikuwa zimelegea. Kengele ilimwita Anastasie, na mume wake akaitika.