Vinundu vya Kilima cha Nangumbu

Mpambanuzi ulikuwa mtambo wa macho sita, na akili yake ilikuwa imesoma visukuku milioni mbili. Ulimulika kombe lililogeuka jiwe, ukahesabu mbavu zake, ukapima kitovu chake, na kabla mtu hajapiga chafya ukatangaza jina la mnyama aliyekufa enzi za dinosauri. Amonaiti, wale jamaa wa ngisi waliojijengea nyumba za mzingo, ndio waliokuwa kazi yake nyepesi kuliko zote.

"Aina ya kumi na saba. Inajulikana," ulitamka asubuhi ile katika kituo cha Lindi Mpya. "Vinundu vilivyo begani mwa kombe ni uchafu. Osheni."

Bi Somoe Nandonde hakuosha. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyepitisha kila kombe kwenye brashi ya umeme kabla mtambo haujalisoma. Hili alilileta makusudi na tope lake, kutoka Kilima cha Nangumbu, ambacho kingelipuliwa saa nane mchana kwa ajili ya saruji. Sheria ilikuwa wazi: kilima chenye aina isiyopatikana kwingine hakiguswi.

"Mama, tusipotezeane muda," alisema Mhandisi Chilumba, mkuu wa kituo. "Mtambo umeshasema. Weka sahihi kilima kilipuliwe, twende tukale."

"Siweki."

"Kwa ajili ya tope?"

"Tope halijipangi mstari, Mhandisi."

Akawasha msumeno mwembamba. Kombe lenye vinundu lilikuwa hilo hilo moja. Akikosea, ushahidi umekwisha. Alikata katikati ya kinundu, akaliweka chini ya hadubini.

"Tazama mwenyewe."

Chilumba alitazama. Ganda halikupita bapa chini ya kinundu. Lilipanda nacho na kushuka nacho. Mnyama mwenyewe ndiye aliyekijenga.

"Mbona hatujawahi kuviona?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Somoe aliitazama brashi yake. Makombe arobaini kila siku! Mtambo haukudanganya. Makombe ya Nangumbu uliyofundishwa yote aliyakwangua yeye, na aina nzima ikafa mara ya pili mikononi mwake, iking'aa.

Fomu ya aina mpya ilikuwa na swali la mwisho: kwa nini haikutambuliwa awali?

"Andika hitilafu ya mtambo," Chilumba alinong'ona. "Sote tutapona."

"Mtambo haukushika brashi." Akaandika kwa herufi kubwa: NILIVIKWANGUA MIMI, SOMOE NANDONDE. Kisha akamsogezea kalamu. "Na amri ya kung'arisha ilitoka kwako. Andika na wewe. Sitoki hapa mpaka uandike."

Chilumba alitazama saa ukutani. Saa saba na robo. Alimtazama yule mama aliyeziba mlango kwa mwili wake wote, akaandika.

Fomu ilipokwisha kutumwa, Somoe alichomoa waya wa brashi, akachukua kombe jingine lenye tope, la kilima kingine, na kuliweka mbele ya mtambo.

"Osheni," ukaamuru Mpambanuzi.

"Soma hivyo hivyo," akasema.