Risasi ya Nani?

Kiza kilikuwa kinaingia mtaani Hockley, huko ughaibuni, Mbarouk alipogonga mlango wa karakana ya Mzee Gurnam. Alifuata risasi. Yeye na shemeji yake Feisal, kaka wa mkewe Shemsa, walikuwa wanakwenda Uskochi kuwinda kulungu, na safari hii walitaka yale madume makubwa, si vijikulungu vya mashamba ya jirani. Vibali walikuwa navyo. Feisal ni mvivu aliyebobea, kwa hiyo kazi ya kuchagua alimwachia Mbarouk.

Gurnam, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, alikuwa na leseni ya kuuza risasi, na alizitengeneza mwenyewe kwa mkono: ganda, baruti aliyoipima kwenye mizani, kisha kichwa cha risasi juu yake. Alimwekea Mbarouk trei mbili mezani. Za kichwa chepesi, alieleza, hupasuka upesi na zinamtosha kulungu mdogo, lakini kwa dume kubwa zitaishia begani na kumwacha mnyama akiteseka. Za kichwa kizito hazisambaratiki, zinapenya mpaka moyoni. Akamwambia achague bila haraka, akaingia chumba cha nyuma kuchemsha chai.

Mbarouk akaokota moja nzito. Ilikuwa ya baridi, na ilikaa vizuri kiganjani.

"Hodi..."

Sauti ya kizee, ya taratibu, yenye lafudhi ya kwao Pemba. Hodi, katikati ya Hockley! Kwao alikanywa tangu utotoni kwamba jua likizama humkaribishi mtu ambaye hujamwona uso. Lakini aliye mbali na kwao hudanganyika upesi, na Mbarouk alifurahi kama mtoto.

"Karibu," akasema, wala hakuinua kichwa.

Mlango haukulia. Ikaja harufu... udi. Na chini ya udi, manyoya yaliyolowa.

Ng'ambo ya meza alisimama mtu mwenye koti refu. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Koti lake lilikuwa kavu.

"Nzuri hiyo," alinong'ona. "Ya nani?"

Mbarouk alidhani anaulizwa imeagizwa na nani. "Ya Feisal."

"Ya Feisal..." Yule mtu alilirudia jina polepole, kama anayeonja mchuzi. "Haya."

Taa ikafifia. Ikarudi.

Hapakuwa na mtu.

Na kiganja cha Mbarouk kilikuwa kitupu.

Gurnam alitoka na vikombe, akauliza alikuwa anaongea na nani. Mbarouk alipomsimulia, mzee aliviweka vikombe chini na kukaa. Alisema baba yake pia alitengeneza risasi kule Nakuru, na mara kwa mara jioni alikuja mteja asiyenunua kitu. Aliuliza swali hilo hilo. Baba yake hakuwahi kutaja mtu. Siku zote alijibu, "Ya kazi," na mteja akaenda zake.

"Alikuwa nani?" Mbarouk aliuliza.

"Baba hakuniambia. Sijui kama alijua."

Hapo ndipo neno lilipomgeukia Mbarouk. Risasi ya Feisal ni ile Feisal aliyoiagiza. Risasi ya Feisal pia ni ile itakayompata Feisal. Kiswahili chetu hakikuweka tofauti hapo.

"Nikimwambia ni ya kazi?"

Gurnam alitikisa kichwa. "Umeshampa jina. Sasa hatakubali ila jina."

Mbarouk alitoka mbio hadi uchochoroni. Alimpenda Feisal, na uvivu wake wote. Shemeji huyo alikuwa na watoto wadogo, tena ndiye kaka pekee wa Shemsa.

"Mzee," aliita gizani. "Ile risasi si ya Feisal."

Mvua tu.

Kisha udi... karibu kabisa na sikio.

"Ya nani, basi?"

Majina yalimjia. Jina la mtu mmoja aliyemchukia, tena kwa haki, lilifika mpaka ulimini. Mbarouk alilimeza. Aliogopa sana, na aliona uchungu kwamba lazima aseme.

"Yangu."

"Haya," sauti ikajibu, na safari hii ilikuwa na furaha.

Uskochi hawakwenda. Feisal alinuna wiki nzima, na mpaka leo anawachekesha watu akisema shemeji yake aliwaogopa kulungu. Yu mzima, amenenepa hata. Mbarouk aliiuza bunduki yake. Nyumbani kwake, mtaa wa Acocks Green, ameihamisha sofa mbali na dirisha, na mapazia hayafunguliwi mchana wala usiku. Shemsa akimwomba aache mwanga uingie kidogo, humjibu kwamba macho yanamuuma.